Huyu ni Rafiki Yangu

Desemba 2017 nilimpeleka nyumbani Likoni kwa mara ya kwanza. Tulishuka feri saa kumi jioni, jasho limetulowesha, yeye amekumbatia matikitimaji mawili kwa sababu kwao alifunzwa kwamba mtu haendi ugenini mikono mitupu. Mamangu alikuwa uani akikuna nazi. Aliinua uso, akatutazama, akangoja. Aliyeleta mgeni ndiye humtaja.

Nikasema, "Mama, huyu ni rafiki yangu."

Neno lilitoka bila kukwama. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi tangu Mtito Andei.

"Karibu mwanangu," Mama akamwambia. "Rafiki wa mwanangu ni mwanangu." Kisha akapaza sauti juu ya ua kumwita jirani: "Shoga! Njoo umwone mgeni wetu wa bara."

Mwenzangu alishtuka, nikamwona. Yeye alikulia Nakuru. Kwao, na Nairobi tulikokutana, shoga ni tusi la kumtupia mwanamume anayependa wanaume. Kwetu pwani ni neno ambalo wanawake huitana wakiwa marafiki wa chanda na pete: shoga yangu, mtu wa kununua naye leso sare, wa kugombana naye asubuhi na kupatana naye kabla ya adhuhuri. Basi pale uani palikuwa na wanawake wawili wasio wapenzi wakiitana shoga kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na wapenzi wawili wakiitana rafiki kwa woga. Nilitamani kumweleza lakini hapakuwa mahali pake. Nikachukua matikiti nikayaweka kivulini.

Miezi tisa baadaye tuliketi ukumbini Prestige, barabara ya Ngong, kutazama filamu iliyobeba jina lile lile tulilokuwa tumejificha ndani yake.

*

Ile wiki ya Septemba 2018 wengi wenu mnaikumbuka. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imepiga *Rafiki* marufuku mwezi Aprili, ikidai kwamba inaendeleza usagaji. Mwezi uliofuata filamu ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha lile. Wanuri Kahiu, aliyeiongoza, akaenda Mahakama Kuu ili ionyeshwe nyumbani angalau siku saba, muda uliohitajika ili iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Jaji Wilfrida Okwany akamkubalia, akasema hadhani kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu. Siku saba, watu wazima tu. Tiketi zikaisha. Sisi tulirudishwa mlangoni mara mbili kabla ya kupata viti.

Kusema kweli, siku ile niliuona ukumbi kuliko nilivyoiona filamu. Sijawahi kukaa gizani na watu wengi hivyo nikijua kwamba wengi wao wanajua. Mbele yetu wasichana wawili walishikana mikono filamu nzima. Nyuma yetu kuna mtu alilia kimyakimya, kisha akacheka, kisha akalia tena. Taa zilipowaka kila mkono ulirudi kwa mwenyewe, na wangu pia. Tulitoka nje tukitembea hatua mbili mbali, kama watu waliokutana kwa foleni ya tiketi.

Nimeitazama tena mara tatu tangu hapo. Imeandikwa sana, hasa kuhusu ile marufuku na ile kesi, na ni haki, kwa sababu mambo hayo ni makubwa. Lakini kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyoona kwamba kesi ilituziba macho. Tuliijadili kama filamu kuhusu serikali, ilhali ndani yake serikali haionekani sana. Kuna askari wawili watatu wa kuwakejeli wasichana kituoni, basi. Kinachowavunja Kena na Ziki kinatoka kwa mwenye kibanda cha chakula.

*

Kwa ambao hamkubahatika: Kena, aliyeigizwa na Samantha Mugatsia, ni msichana wa mtaa wa Nairobi, amemaliza shule na anangoja matokeo. Anacheza kandanda na wavulana, anateleza na skeitibodi, anamsaidia babake dukani. Wazazi wameachana. Baba anawania kiti cha uwakilishi wa wadi. Mpinzani wake ana binti aitwaye Ziki, aliyeigizwa na Sheila Munyiva, mwenye nywele za rangi za peremende na ndoto ya kuizunguka dunia. Wanapendana. Wana gari bovu lililotelekezwa wanalolifanya chumba chao. Mtaa unajua. Wanapigwa. Ziki anapelekwa London.

Ukiisimulia hivyo ni hadithi uliyoisikia. Kilicho chake ni jinsi kujua kwa mtaa kunavyotokea.

Mwanzoni Kena yuko huru kuliko wasichana wote wa mtaa ule. Anavaa shati kubwa, anageuza kofia, anakaa na wavulana wakicheza karata, na hakuna anayemuuliza kitu. Kila mtaa una msichana wa aina hiyo na kila mtaa unampenda: huyo ni tomboi, mwacheni, ataacha akikua. Nimekuwa msichana huyo. Nilipanda minazi, nilicheza mpira ufuoni hadi maji yajae, na wazee wakawa wananisifu kwamba nina nguvu kama mvulana. Uhuru ule ulikuwa wa kweli. Sikujua tu kwamba ulikuwa wa mkopo.

Halafu jina linatajwa, na tazama kinachotokea. Unyanyapaa haumshiki Kena kwa jambo jipya alilofanya. Unarudi nyuma na kusoma upya kila kitu alichowahi kufanya. Shati lile lile, kofia ile ile, mpira ule ule, vyote vinageuka ushahidi. "Si tulisema?" Hawakusema. Lakini sasa wanakumbuka kwamba walisema. Hapo ndipo niliposimamisha filamu mara ya pili kuitazama na kwenda jikoni kunywa maji. Nilikuwa na miaka kumi na saba binamu yangu aliposoma ujumbe kwenye simu yangu, na jambo lililoniuma zaidi, kuliko makofi, ni kwamba shangazi alikaa kitandani akaanza kuhesabu. Ile siku ulikataa kuvaa dera harusini. Yule mwalimu uliyekuwa ukimsifu. Ile minazi. Alinichukulia utoto wangu wote, siku kwa siku, akanirudishia kama dalili za ugonjwa.

Huwa tunaeleza unyanyapaa kama ukuta ulio mbele ya mtu: utakosa kazi, utakosa nyumba, utakosa jamaa. Yote hayo yapo. Jirani yangu wa zamani Umoja alipewa siku tatu ahame. Lakini kuna hili jingine ambalo halionekani kwa macho. Msichana anaponyang'anywa kumbukumbu zake, hana tena mahali pa kusimama na kusema mimi ni nani. Anaanza kujitazama kwa macho ya shangazi. Akicheka sana anajiuliza kwa nini amecheka. Akimkumbatia dada wa tumbo moja anahesabu sekunde. Nilifanya hivyo miaka minne na sikujua kwamba ninafanya, nilidhani nimekuwa mtu mzima.

*

Katika filamu, mwenye kibanda anaitwa Mama Atim. Ana chakula, ana viti, na ana mdomo. Ni mhusika ambaye wahakiki wengi wamempitia haraka kama kichekesho cha mtaani, na hata mimi nilimcheka mara ya kwanza. Sasa naamini ndiye nguzo ya hadithi yote.

Yeye si zimwi. Anajua nani amejifungua, nani amefukuzwa kazi, mume wa nani analala wapi. Mtaa usio na Mama Atim hauwezi kuchangia matanga wala kumtafuta mtoto aliyepotea. Habari ni mtaji wake, na kila mtu hulipa: unakula kwake, unaketi, unaacha neno moja, unachukua mawili. Mdomo unaokuita uje ule ndio huo utakaowaita watu waje wakupige, na wewe umeujua tangu ukiwa mdogo. Wale wanaowapiga Kena na Ziki hawakuletwa kwa lori kutoka mahali pengine. Ni wateja wa kibanda.

Ndiyo maana napata shida na wanaharakati wetu, ambao nawaheshimu na ambao wengine ni beshte zangu, wanapoongea kana kwamba vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vikiondoka basi tutapumua. Vifungu vile ni vya kikoloni na viondoke hata leo. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa, na nililia. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba ilikuwa makosa kuwanyima wapenzi wa jinsia moja haki ya kusajili shirika lao, na nilifurahi. Lakini wiki ile ile ya furaha nilikuwa kwa msusi, kichwa kimeshikwa, nikisikiliza redio na wanawake sita wakijadili jinsi watu kama mimi wanavyopaswa kushughulikiwa. Mmoja wao alikuwa amenipa chai. Nilisema nini? Nilisema, "Aki hii dunia." Nikalipa, nikatoka na nywele nzuri.

Filamu ilikuwa imeniambia hivyo zaidi ya miaka minne kabla ya siku ile. Korti inaweza kukuachilia, na bado utakatiza mbele ya kibanda ukirudi nyumbani.

*

Kahiu amesema hadharani sababu ya kuiita filamu *Rafiki*: kwamba hapa kwetu mtu mwenye mpenzi wa jinsia yake, akitaka kumtambulisha, hana neno jingine ila hilo. Nimelifikiria jambo hili sana, kwa sababu Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza na nilidhani kinanipenda.

Na kweli kinanipenda kwa namna fulani. Lugha hii haijali jinsia ya mtu. Nikisema "mpenzi wangu amenipigia, anasema amenikumbuka," sijasema uongo na sijasema siri. Nimewahi kukaa na wafanyakazi wenzangu saa nzima ya chakula cha mchana nikilalamika kuhusu mpenzi wangu, wakanishauri, wakanihurumia, na hakuna aliyeuliza kwa sababu sarufi haikuwalazimisha kuuliza. Waliokuwa wakiongea Kizungu meza ya pili wasingepata nafasi hiyo. Kule lazima uchague mwanamume au mwanamke kila unapofungua kinywa.

Lakini lugha hiyo hiyo ikifika mlango wa ndoa inabana. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Wanawake wawili wakisimama mbele ya kitenzi hiki, hakuna anayejua wa kuoa ni nani, na ndiyo maana swali la kwanza tunaloulizwa, na polisi, na mabinamu, hata na marafiki wema wakishalewa, ni moja: kati yenu nani mume? Swali lenyewe limezaliwa ndani ya kitenzi.

Halafu kuna neno la kutuita. Msagaji. Linatokana na kusaga, kazi ya mawe mawili na nafaka katikati. Ni neno la mwili peke yake. Halina kupiga simu usiku kuuliza umefika, halina kugombania blanketi, halina matikitimaji. Ukilisikia mara ya kwanza ukiwa na miaka kumi na mbili, kabla hujampenda mtu, unajifunza kwamba kitu unachokihisi ni tendo chafu, na itakuchukua muda mrefu kugundua kwamba ni upendo. Mimi ilinichukua miaka tisa.

Wale wasemao kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu juzi waliulize neno lenyewe lina umri gani. Mwaka 1899 msafiri wa Austria, Oskar Baumann, alichapisha makala kuhusu Unguja, na kati ya maneno ya Kiswahili aliyoyaandika humo mna kusagana. Miaka zaidi ya mia moja na ishirini iliyopita, wenyeji walikuwa na neno, na watu hawatungi neno la kitu kisichokuwepo. Neno lilikuwepo. Lililokosekana ni neno la kutambulishia mtu kwa mama.

Kwa hiyo tukaazima rafiki. Na hapa ndipo ninapoona kwamba jina la filamu lina uchungu kuliko tulivyodhani siku ile tukipiga foleni. Rafiki ni neno zuri, ndiyo. Ni paa. Lakini ukikaa chini yake muda mrefu linaanza kukupunguza. Rafiki hana haki ya kuketi safu ya mbele kwenye mazishi. Rafiki hapigiwi simu na hospitali. Rafiki akiondoka, hakuna atakayekuletea uji.

*

*Rafiki* imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndio mzambarau wetu. Ukisoma hadithi baada ya filamu utashangaa ni kiasi gani kilibadilishwa. Mtaa ni Nakawa, Kampala. Wasichana ni Anyango na Sanyu. Mama Atim yupo, mdomo wake upo. Lakini mambo yamekwisha kutokea. Sanyu amepelekwa London miaka mingi iliyopita, na Anyango, aliyebaki, ndiye anayesimulia, akimwambia Sanyu "wewe" kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nadhani hapo hadithi inaishinda filamu. Filamu inatupa mapenzi yakichipuka na kipigo kikitokea, mambo mawili ambayo kamera inayapenda. Mapenzi yameonyeshwa kwa uzuri ambao sijauona kwingine: rangi za waridi na zambarau, nyuso zimepakwa rangi zinazong'aa gizani kwenye klabu, muziki wa wanawake wa hapa hapa. Kahiu ana falsafa yake ya sanaa ya Kiafrika yenye furaha, isiyolazimika kubeba vita na njaa ndipo ihesabiwe, na namshukuru, kwa sababu tulihitaji kujiona tukiwa warembo. Lakini baada ya kipigo filamu inakimbia. Kena anapelekwa na mamake kuombewa. Ziki, mbele yake, anaidhihaki ndoto ya wao kuishi pamoja, kisha anapelekwa ng'ambo. Halafu miaka inapita kwa mkato mmoja, Kena yuko hospitali, amekuwa daktari.

Subiri. Miaka ile ilipitaje? Alirudi vipi kununua maziwa asubuhi iliyofuata? Nani alimsalimia kwanza? Alipita vipi mbele ya kibanda siku ya pili, na ya mia? Alisoma udaktari akiwa analala wapi? Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu, na imekatwa. Maisha ya wengi wetu yamo ndani ya mkato ule. Tulipigwa mara moja, au hatukupigwa kabisa, na baadaye tukaishi miaka kumi mtaa ule ule, tukisalimiana na watu wale wale, tukichanga kwenye harusi zao. Anyango wa hadithi anajua hilo. Sauti yake ni ya mtu aliyebaki na aibu ya watu wawili, kwa sababu aliyeondoka aliondoka na begi tu.

Na suala la nani huondoka ni la pesa, jambo ambalo filamu inaligusa kisha inaliacha. Babake Ziki ana uwezo, kwa hivyo aibu ya Ziki inanunuliwa tiketi. Babake Kena ana duka. Kena anabaki. Ziki mwenyewe hatumjui baada ya hapo. Hatujui London ilimfanya nini, wala kama alimsamehe mamake. Munyiva aliigiza vizuri kiasi kwamba unaona pengo lile zaidi: alistahili kurasa alizonyimwa.

Jambo moja filamu inalifanya ambalo hadithi haikulifanya, nalo ni baba. John Mwaura anapoteza matumaini ya kura kwa ajili ya binti yake na hamfukuzi. Hatoi hotuba. Hajui la kusema, unamwona hajui, lakini anabaki upande wake. Mara ya kwanza nilidhani ni ndoto ya mwongozaji. Mara ya tatu nilimtazama zaidi kuliko wasichana. Upendo wake hauna msamiati, kama vile wetu.

*

Kuna kisa cha bodi ile ambacho kila nikikikumbuka nacheka kwa hasira. Kahiu amesimulia kwamba kabla ya marufuku aliombwa abadilishe mwisho. Shida haikuwa kwamba wasichana wanabusiana. Shida ilikuwa mwisho una matumaini. Walitaka Kena aonekane amejuta. Alikataa, filamu ikafungiwa, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba marufuku ile ilikuwa halali.

Mwisho wenyewe unaozozaniwa ni huu: Ziki amerudi, Kena amesimama, mkono unagusa bega lake. Basi. Hakuna harusi, hakuna bendera. Mkono begani ndio uliowatia hofu wakubwa wa serikali. Nikiwa mhakiki nalalamika kwamba mwisho huo ni mwepesi, umerukia furaha bila kulipia ile miaka ya katikati. Lakini bodi iliuelewa kuliko nilivyouelewa mimi. Walijua kwamba unyanyapaa unahitaji msichana ajute ndipo ufanye kazi. Asipojuta, Mama Atim amebaki na mdomo tu. Kwa hiyo nasimama na mwisho ule hata kama nauona una kasoro. Natamani tu mtu mwingine atuandikie ile katikati, na aiandike kwa Kiswahili, tuone lugha itatoa nini ikilazimishwa.

*

Yeye aliondoka Februari 2021. Hakupelekwa London, jamaa zake hawana pesa hizo. Alipata kazi ya hoteli Doha kupitia wakala, mkataba wa miaka miwili, baadaye akauongeza. Tuliachana kwa simu, polepole, kama watu wengi wanavyoachana siku hizi, ujumbe ukichelewa siku moja, kisha tatu. Hakuna aliyetupiga. Hakuna aliyetufukuza. Nilikuwa nimepoteza mtu niliyeishi naye miaka minne na sikuwa na neno la kuombea ruhusa kazini. Rafiki yangu amehamia Qatar. Ndiyo, pole, wengi wanaenda huko.

Pasaka hiyo nilienda Likoni. Nilikuwa nimekonda, nikasema ni kazi. Siku ya pili Mama alinikuta uani nimekaa juu ya kinu, sifanyi kitu. Alichukua mbuzi ya kukunia nazi akaketi.

"Yule rafiki yako wa Nakuru hajambo?"

"Hajambo. Yuko Doha."

Akakuna nazi nusu nzima bila kunena. Kisha akasema, hata hakunitazama, "Yule mtoto alikuwa anakula vizuri hapa kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unakula vizuri."

Sikujibu. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji wa pilipili manga, akaliweka karibu na mguu wangu, akaendelea na nazi yake. Jirani akaita ng'ambo ya ua, "Shoga, upo?" na Mama akaitika kwamba yupo, ila leo asije, ana mgonjwa.